Penne, ziti, rigatoni na makaroni: kuzitofautisha, kuzibadilisha na kuzitaja kwa Kiswahili

Mfasiri wa mapishi hukutana mapema na tatizo ambalo kamusi ya kawaida haimtatulii. Matini chasili inataja penne, ziti au rigatoni. Kamusi inampa tambi, au inampa makaroni, au haimpi chochote. Akiandika tambi, mpishi wa Tanga au Mombasa atakwenda dukani na kurudi na pakiti ya nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo zikitokoswa, zikachanganywa na nyama na jibini, kisha zikakaa katika oveni nusu saa, zitatoka zikiwa bonge moja. Akiliacha jina la Kitaliano bila maelezo, mpishi huyo hatajua atafute kitu gani, wala aweke nini badala yake pale kitakapokosekana.

Makala haya yana malengo mawili. La kwanza ni kueleza tofauti halisi zilizopo baina ya pasta zenye tundu, na lini moja inaweza kushika nafasi ya nyingine. La pili ni kuonyesha namna ya kusema hayo kwa Kiswahili sahihi na kisicho na utata. Malengo haya yanategemeana: asiyejua kitu kinavyofanya kazi jikoni hawezi kukichagulia neno.

1. Neno la jumla ni lipi?

Kiswahili cha leo kina maneno matatu yanayogombea nafasi moja.

*Tambi* (ngeli ya i-/zi-) ndilo lililozoeleka zaidi. Umbo lake ni sawa na wingi wa *utambi*, yaani uzi wa taa ya mafuta, na picha inayomjia msemaji anapolisikia ni ya uzi. Tambi zinazopikwa pwani kwa nazi, sukari na iliki ni za uzi. Spageti nazo huitwa tambi bila tatizo. Lakini kitu kifupi chenye tundu pana ni mbali na picha hiyo.

*Makaroni* kwa wasemaji wengi ni vipande vifupi vyenye tundu, hasa vile vidogo vilivyopinda. Wapo wanaolipanua lihusu pasta zote fupi.

*Pasta* ndilo pana kuliko yote, na linaenea kwa kasi katika maandishi ya mapishi. Halina picha ya umbo lolote, na hiyo ndiyo faida yake.

Kwa mtazamo wa semantiki, tunashughulika na haiponimia, yaani uhusiano wa neno la jumla na maneno mahususi yaliyo chini yake. Ninapendekeza mpangilio huu: *pasta* liwe neno la jumla; *tambi* litumike kwa pasta za uzi; *makaroni* kwa pasta fupi zenye tundu; na penne, ziti, rigatoni na nyinginezo ziwe majina mahususi. Inapohitajika kulitaja kundi zima la pasta zenye tundu, fupi kwa ndefu, tuseme *pasta za mrija*. Mrija ni neno ambalo kila msomaji analijua, awe amenywea dafu au soda.

2. Vigezo vinne vya kutofautisha

Watengenezaji wa Italia wana majina mengi mno, na baadhi ya majina hubadilika kutoka mkoa hadi mkoa. Mpishi na mfasiri wanahitaji kujua mambo manne tu.

*Kipenyo cha tundu.* Tundu ndilo linaloamua kitakachoingia ndani ya mrija. Mchuzi mwepesi wa nyanya huingia popote. Nyama ya kusaga, punje za njegere au vipande vidogo vya biringanya huhitaji tundu pana. Visipolipata, hubaki chini ya sahani pasta ikiisha kuliwa.

*Unene wa ukuta.* Ukuta mnene huchelewa kuiva, na hustahimili kupikwa mara mbili: majini kwanza, kisha katika oveni. Ukuta mwembamba huiva upesi na kulegea upesi.

*Uso.* Pasta yenye uso laini huitwa *liscia* kwa Kitaliano. Yenye mifereji midogo huitwa *rigata*. Mifereji hushika mchuzi, hasa ule mzito. Uso hutegemea pia kalibu ambamo unga hupitishwa: kalibu za aloi ya shaba huacha uso wenye mkwaruzo, na zile zenye utando wa Teflon huacha uso unaoteleza.

*Urefu na namna ya kukata.* Mrija unaweza kukatwa wima au mshazari. Ukataji wa mshazari huupanua mdomo wa mrija, hivyo mchuzi huingia kwa urahisi zaidi. Zaidi ya hapo, tofauti ni ya sura.

Kwa vigezo hivi, pasta mbili zinazofanana katika vitatu vya kwanza huweza kubadilishana karibu kila mahali, hata majina yao yakiwa tofauti kabisa. Zikitofautiana katika kipenyo au katika unene wa ukuta, ni lazima kukitazama chakula chenyewe kabla ya kuamua.

Lipo jambo la tano lisiloonekana kwa macho, nalo ni unga. Tangu Sheria Na. 580 ya mwaka 1967, pasta kavu ya Italia inapaswa kutengenezwa kwa ngano ngumu. Pasta ya ngano laini, ambayo huuzwa katika nchi nyingine, hulegea mapema. Msomaji mwenye pakiti ya namna hiyo aanze kuionja dakika kadhaa kabla ya muda uliotajwa katika mapishi ya Kitaliano.

3. Maingizo

Penne. Wingi wa *penna*, neno la Kitaliano lenye maana ya unyoya wa ndege, na kwa kupanuka kwa maana, kalamu. Zina urefu wa sentimita 4 hadi 5 na upana wa takriban sentimita 1, na zimekatwa mshazari kila upande kama ncha ya kalamu ya unyoya. Mwaka 1865, mtengenezaji wa pasta wa eneo la Genova aitwaye Giovanni Battista Capurro alipata hataza ya mashine ya kukata pasta mshazari bila kuibonda. Zipo *penne rigate* (zenye mifereji) na *penne lisce* (laini). Ndogo zaidi ni *pennette*, na kubwa zaidi ni *pennoni*. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi ulinganifu mzuri hapa: *kalamu* ya Kiswahili imetoka katika *qalam* ya Kiarabu, ambayo nayo inarejea kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya tete. Unyoya una tundu, na tete lina tundu.

Ziti. Pasta ya Italia ya kusini, hasa Napoli na Sisilia. Jina linahusishwa na *zita*, neno la kusini lenye maana ya mchumba wa kike au bibi harusi, kwa kuwa pasta hii iliandaliwa katika karamu za harusi. Umbo lake la asili ni refu kama spageti, lenye tundu na uso laini, nayo huvunjwa kwa mkono kabla ya kupikwa. Ziti fupi, zilizokwisha kukatwa wima kiwandani, ndizo zinazojulikana zaidi Marekani. Tazama sehemu ya 4.

Rigatoni. Kutoka *rigare*, kupiga mistari, pamoja na kiambishi cha ukubwa *-one* (wingi *-oni*). Maana yake ni kama "zile kubwa zenye mistari". Ni pana kuliko penne, takriban sentimita moja na nusu; ukuta wake ni mnene, mifereji yake imekolea, nazo hukatwa wima. Mikato yao mifupi zaidi ni *mezzi rigatoni* na *mezze maniche*; hili la pili maana yake ni nusu mikono ya nguo.

Makaroni zilizopinda. Mirija midogo yenye ukuta mwembamba, iliyopinda kama kiwiko. Ndiyo pasta ya jibini na maziwa katika mapishi ya Kiingereza na Kimarekani.

Ditalini. Kutoka *ditale*, subana. Maana yake ni "visubana". Ni mirija mifupi sana, ambayo urefu wake haupishani sana na upana. Ni za supu. *Tubetti*, yaani vijineli, ni za jamii hiyohiyo.

Tortiglioni. Zinafanana na rigatoni, ila mifereji yake huzunguka kama ya parafujo.

Cavatappi. Maana yake ni kizibuo, kile cha kuchomolea vizibo vya chupa. Ni mrija uliosokotwa kwa mzunguko.

Paccheri. Mirija mipana sana ya Napoli, ambayo kwa desturi ina uso laini. Jina linahusishwa na neno la Kinapoli lenye maana ya kofi.

Cannelloni. Kutoka *canna*, tete, kwa kupitia umbo lenye maana ya mrija. Kiambishi cha mwisho ni cha ukubwa. Ni mirija mikubwa ya kujazwa nyama, au jibini na mboga, kisha kuokwa.

Bucatini. Kutoka *buco*, tundu. Ni ndefu kama spageti, zenye tundu jembamba katikati. Hizi ndizo pasta za mrija ambazo zinaweza kuitwa tambi bila kumpotosha msomaji.

Garganelli. Za Emilia-Romagna. Kwa macho hufanana sana na penne rigate, lakini ni kipande cha mraba kilichoviringishwa, hivyo huwa na mshono. Unga wake hukandwa kwa mayai. Tofauti hii si ya sura tu: penne kavu za kawaida ni unga na maji. Mfasiri anayeandika penne mahali pa garganelli, au kinyume chake, anaweza kumlisha mayai mtu ambaye mayai humdhuru.

4. Majina yanayopotosha

Mfasiri asidhani kwamba jina moja lina kitu kimoja. Mifano minne inatosha.

*Ziti* katika kitabu cha Napoli ni ndefu na huvunjwa. Katika kitabu cha New York ni fupi na hutumika kama zilivyo. Agizo la "vunja ziti" halina maana kwa mwenye pakiti ya Kimarekani.

*Mostaccioli* katika maduka ya Marekani ni pasta za mrija zinazofanana na penne, mara nyingi zenye uso laini. Nchini Italia, jina hilohilo ni la biskuti tamu zenye viungo. Mapishi ya sikukuu ya Krismasi ya Napoli yanayotaja mostaccioli hayahusu pasta kabisa.

*Maccheroni* ndilo lililotupatia makaroni, lakini katika Italia lina matumizi mapana kuliko ya kwetu. *Maccheroni alla chitarra* ya mkoa wa Abruzzo ni nyuzi ndefu zisizo na tundu, zinazokatwa kwa kubanwa juu ya waya zilizokazwa kama nyuzi za gitaa. Kwa Kiswahili hizo ni tambi, ingawa jina linasema makaroni.

*Manicotti* ni jina lililoenea Marekani kwa mirija mikubwa ya kujazwa, karibu sawa na cannelloni; asili yake ni neno linalohusiana na mkono wa nguo. Kwa mpishi, mbili hizi hubadilishana bila shida.

Kanuni inayotokana na mifano hii ni moja: kabla ya kutafsiri jina la pasta, tambua matini imeandikwa wapi.

5. Lini zinabadilishana

Wanaisimu wanapotaka kujua kama maneno mawili ni visawe, huliondoa moja katika tungo na kuliweka jingine, kisha huuliza kama maana imebaki. Kwa kawaida jibu hutegemea tungo. *Jua* na *fahamu* hupokezana katika tungo nyingi, lakini si katika "anajua kuogelea". Jaribio la jikoni ni lilelile, na tungo yake ni chakula.

*Mchuzi mwepesi wa nyanya.* Chakula mashuhuri cha kundi hili ni *penne all'arrabbiata*, chenye nyanya, kitunguu saumu na pilipili. *Arrabbiata* maana yake ni "aliyekasirika", kwa sababu ya ukali wa pilipili. Hapa penne rigate, pennette, ziti fupi na mezze maniche hupokezana vizuri. Penne laini zinafaa pia, ila mchuzi upikwe mpaka uwe mzito kidogo ili usiteleze.

*Mchuzi wenye vipande.* Hapa pana nyama ya kusaga iliyopikwa muda mrefu, au biringanya na nyanya kama katika *pasta alla Norma* ya Catania, iliyopewa jina la opera ya Bellini. Rigatoni ndizo zinazofaa hasa. Tortiglioni hushika nafasi yake bila hasara. Penne rigate huwezekana kama vipande vimekatwa vidogo. Ditalini na makaroni ndogo hazifai, kwa kuwa kipande kimoja cha biringanya ni kikubwa kuliko mrija wenyewe.

*Chakula cha oveni.* Ziti, rigatoni na penne hubadilishana. Katika chakula cha Misri cha makaroni kwa sosi nyeupe ya maziwa, siagi na unga, pamoja na nyama ya kusaga, penne hutumika sana, na rigatoni hufaa vilevile. La msingi ni unene wa ukuta. Pasta itolewe majini dakika 2 au 3 kabla ya kuiva, kwa sababu itaendelea kuiva ndani ya sosi. Makaroni zilizopinda zikitumika, sosi iongezwe umajimaji na muda wa oveni upunguzwe.

*Jibini na maziwa.* Mahali pa makaroni zilizopinda panaweza kukaa pennette au cavatappi. Rigatoni huleta taabu: matundu mapana huvuta sosi nyingi, na sehemu ya juu hukauka.

*Supu, na pasta ya maharagwe.* Ditalini zikikosekana, weka makaroni ndogo, au vunja spageti au bucatini vipande vya sentimita 2. Penne na rigatoni hazifai kwa sababu rahisi sana: zikivimba, haziingii katika kijiko.

*Kujaza.* Cannelloni na manicotti hubadilishana. Zote mbili zikikosekana, tokosa karatasi za lazanya, weka mjazo, kisha viringisha. Paccheri huweza kusimamishwa wima katika trei na kujazwa kutoka juu. Penne hazijazwi.

Msomaji atagundua kwamba ubadilishaji mara nyingi si wa pande zote mbili. Rigatoni huweza kukaa mahali pa penne katika vyakula vingi. Penne haziwezi kukaa mahali pa rigatoni pale vipande ni vikubwa. Sarufi yetu ina njia ya kulionyesha hili. Tukisema "penne na ziti fupi *hubadilishana*", kiambishi cha kutendana *-an-* kinadai kwamba njia iko wazi kwenda na kurudi. Kama ni upande mmoja tu, kiambishi hicho kinasema uongo. Andika: "Rigatoni zinaweza kuwekwa badala ya penne."

6. Kipimo na muda

Badilisha kwa uzito, si kwa kikombe. Kikombe cha rigatoni kina hewa nyingi. Kikombe cha ditalini kina pasta nyingi. Mapishi yakisema vikombe vitatu vya makaroni ndogo, na mpishi akapima vikombe vitatu vya rigatoni, chakula kitapungua na mchuzi utazidi. Mfasiri anayekutana na vikombe afanye hisani ya kutaja gramu pia, akizipata kutoka katika matini au kwa kupima pasta yenyewe. Kwa kawaida mtu mzima mmoja hutosheka na gramu 80 hadi 100 za pasta kavu, ambazo zikiiva huwa na uzito wa takriban mara mbili. Desturi ya Kitaliano ya kutokosa ni lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za pasta.

Muda wa kwenye pakiti ndio wa kufuata, kwa sababu unene wa ukuta hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kwa makadirio, makaroni zilizopinda na ditalini huchukua dakika 7 hadi 10, penne dakika 10 hadi 12, na rigatoni dakika 12 hadi 15. Ukiweka rigatoni mahali pa penne bila kugusa muda, utatoa mbichi. Ukifanya kinyume, utatoa rojo.

Liko jambo moja linalowahusu wasomaji wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari, na kiwango hicho hupungua kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Mombasa, Dar es Salaam na Napoli ziko pwani, hivyo dakika za Napoli zinafaa Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Pasta hiyohiyo itahitaji dakika zaidi huko. Mfasiri hawezi kujua msomaji wake anaishi wapi; anaweza, hata hivyo, kuandika "onja kabla ya kuchuja", na kwa maneno hayo machache akawafaa wote wawili.

Kiwango cha kuiva ambacho Waitalia hukiita *al dente* kina jina lenye maana ya "kwenye jino". Tafsiri ya neno kwa neno haimsaidii mpishi. Andika: "ziive, lakini katikati zibaki na ugumu kidogo zikitafunwa".

7. Lugha ya kubadilisha

Hili ndilo eneo lenye makosa mengi katika tafsiri kutoka Kiingereza. Kiingereza kina kitenzi ambacho kitu kinachotajwa kwanza ndicho kinachoingia, na kitenzi kingine ambacho kitu kinachotajwa kwanza ndicho kinachotoka. Mfasiri anapovitafsiri vyote kwa *badilisha*, maagizo mawili yaliyo kinyume huwa sentensi moja.

Tazama: *Badilisha penne kwa rigatoni.* Kwa kufuata mfano wa "badilisha shilingi kwa dola", penne zinatoka na rigatoni zinaingia. Lakini mfasiri aliyefuata mpangilio wa maneno wa kile kitenzi cha kwanza atakuwa amekusudia kinyume. Msomaji hana njia ya kujua.

Muundo usio na utata ni *badala ya*. Kinachofuata *badala ya* ndicho kinachoondolewa, daima:

- Weka penne badala ya rigatoni. (Penne zinaingia.)
- Badala ya rigatoni, weka penne. (Maana ni ileile, ingawa mpangilio umegeuka.)

Miundo mingine salama ni ya masharti: "Rigatoni zikikosekana, tumia penne"; "Kama huna ditalini, vunja spageti". Hii ina faida ya kumweleza msomaji kwamba kilichotajwa kwanza ndicho kilicho bora.

8. Ngeli na tahajia

Penne, ziti na rigatoni tayari ni wingi katika Kitaliano. Kwa Kiswahili zinakaa vizuri katika ngeli ya i-/zi-: *penne hizi zimeiva*. Usiongeze kiambishi cha wingi.

*Makaroni* lina utata. Kwa kuwa linaanza na *ma-*, wasemaji wengi hulivuta kwenye li-/ya- na kusema *makaroni yameiva*. Wengine husema *makaroni zimeiva*. Lakini *ma-* ya mwanzo peke yake haitoshi kuamua ngeli: *maktaba* na *mashine* hubaki katika i-/zi-. Makala haya yanatumia zi-, ili makaroni zikubaliane na penne na rigatoni katika orodha moja. Anayetumia ya- hakosei, mradi asichanganye mbili hizo katika matini moja.

Wanafunzi, na hata programu za uchanganuzi wa lugha, waangalie *-ni* ya mwisho katika *rigatoni*, *makaroni* na *kaneloni*. Si ile ya mahali iliyo katika *mezani* na *sufuriani*. "Ndani ya makaroni" ni sahihi. "Makaroni" peke yake si mahali.

Kuhusu tahajia, makaroni, spageti na lazanya zimekwisha kuswahilishwa. Majina ambayo bado ni mageni ni afadhali yabaki kama yalivyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu msomaji atayatafuta dukani. Huko Malindi na Watamu, ambako Waitalia wengi wana makazi na biashara, majina hayo huonekana hata katika orodha za vyakula vya hoteli. La lazima ni kuyafafanua yanapotajwa mara ya kwanza.

9. Mfano wa tafsiri

Chukua mapishi ya *la genovese*, mchuzi wa Napoli wa nyama ya ng'ombe na vitunguu vingi vinavyopikwa polepole kwa saa kadhaa mpaka viyeyuke. Orodha ya viungo inataka gramu 400 za *ziti spezzati*.

Tafsiri dhaifu: *Gramu 400 za tambi zilizovunjika.*

Ina makosa mawili. *Tambi* limeondoa tundu, na pamoja na tundu, mchuzi uliopaswa kukaa ndani yake. *Zilizovunjika* ni kauli ya kutendeka: tambi zimeharibika zenyewe, labda njiani. Msomaji ataona anaambiwa anunue pakiti mbovu. Kinachotakiwa ni kauli ya kutendwa, kwa maana kuna mtu anayezivunja kwa makusudi.

Tafsiri inayofaa: *Gramu 400 za ziti (pasta ndefu za mrija, zenye uso laini), zilizovunjwa kwa mkono vipande vya sentimita 5 hivi. Zikikosekana, weka penne au rigatoni za uzito huohuo badala yake, bila kuzivunja, na ufuate muda wa kwenye pakiti.*

Ni ndefu kuliko matini chasili. Urefu huo ni halali, kwa sababu mpishi wa Napoli anajua yote hayo bila kuambiwa, na mpishi wetu hajui.

10. Muhtasari

- Tumia *pasta* kwa jumla, *tambi* kwa za uzi, *makaroni* kwa fupi zenye tundu, na *pasta za mrija* kwa kundi zima la zenye tundu.
- Taja jina mahususi pamoja na ufafanuzi wa umbo mara ya kwanza.
- Linganisha tundu, ukuta na uso kabla ya kubadilisha. Mkato uje mwisho.
- Pima kwa uzito. Fuata muda wa pasta iliyoingia, si wa iliyotoka.
- Andika *badala ya*, na ukumbuke kwamba kinachoifuata ndicho kinachoondoka.
- Tumia *hubadilishana* pale tu ambapo njia iko wazi pande zote mbili.